Maswali ya Wasomaji: Homa Imeondoka, Uchovu Umebaki

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wingi magharibi mwa nchi, Tabora na Kigoma, na nyingi zimeandikwa na wanafunzi wa vyuo au watu wanaoishi nao. Karibu zote zinaeleza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu aliugua homa, akapona kwa macho ya watu, kisha akabaki na mwili usiotii tena amri. Barua nyingine zitasubiri toleo lijalo ili hizi zipate nafasi ya kutosha. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Shikamoo, daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tabora mjini, nina miaka 21. Mwezi wa tatu niliugua mafua makali yenye homa, kikohozi na mwili kuuma, nikalala siku nane katika chumba nilichopanga Ipuli. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, nikarudi darasani. Sasa ni mwezi wa saba na bado sijawa yule wa zamani. Nikifua nguo Jumamosi asubuhi, Jumapili na Jumatatu nalala kama niliyepigwa. Nikisoma kurasa mbili, ule mstari wa kwanza umeshanitoka. Nikisimama kwenye foleni ya chakula moyo unakwenda mbio na macho yanaingia giza. Zahanati niliyokwenda imenipima malaria mara tatu ndani ya wiki tano, mara zote wakasema ipo, nikameza dawa ya mseto dozi tatu. Mara ya nne wakasema ni taifodi, nikachomwa sindano. Wenzangu wananiita "bibi". Wapo wanaonong'ona kwamba nina ugonjwa ninaouficha, na mmoja ameniambia nimerogwa. Naogopa mitihani, naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Je, mimi ni mvivu, au kuna kitu mwilini?

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokuumiza zaidi. Wewe si mvivu. Mvivu hukwepa kazi kabla hajaianza. Wewe kazi unaifanya, kisha mwili unakudai kesho yake pamoja na riba.

Uchovu wa kawaida humjia mtu papo hapo, na usiku mmoja wa usingizi mzuri huuondoa. Huu wako hujificha kwanza: unafua Jumamosi, unamaliza, unaanika, unadhani umeshinda, halafu unaanguka baada ya saa 12 hadi 48, na hata ukilala huamki mpya. Daktari anayewafahamu wagonjwa waliobaki na uchovu baada ya virusi huiulizia dalili hii kabla ya nyingine zote, na wewe umeieleza bila kuulizwa. Ukiongeza usahaulifu katika kusoma na moyo kwenda mbio unaposimama, picha inaanza kukamilika.

Jambo hili halikuanza na korona. Mafua makali, dengue, chikungunya, homa ya ini na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, ambacho huvimbisha tezi za shingo na kuumiza koo, vyote vimejulikana miaka mingi kuwa vinaweza kumwachia mtu udhaifu wa miezi kadhaa. Korona ilifanya tu wagonjwa wa aina hii wawe wengi mno kiasi cha kutopuuzwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliwawekea maelezo rasmi: dalili zinazoonekana ndani ya miezi mitatu tangu mtu aanze kuugua UVIKO-19, zinazodumu angalau miezi miwili, na ambazo ugonjwa mwingine hauwezi kuzieleza. Kwa barua pekee siwezi kusema ni kirusi gani kilikupata mwezi wa tatu, na kwa matibabu yako ya sasa jina la kirusi si jambo kubwa. Miaka ya 2020 na 2021, tulipokuwa tukisema "changamoto ya upumuaji" na kila nyumba ikiwa na sufuria ya kujifukizia, watu wengi waliugua bila kupimwa, na wapo wanaobeba hadi leo mabaki ya ugonjwa ambao hawakuambiwa jina lake.

Usikubali mtu akuambie kwamba mambo haya ni ya wazee. Katika chuo kikuu kimoja cha jijini Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 1,388 wa jumuiya ya chuo waliothibitika kuambukizwa korona, wengi wao vijana, na asilimia 36 walieleza dalili zilizoendelea baada ya ugonjwa kupita. Kabla ya hapo watafiti wa Chicago walikuwa wamewafuatilia wanafunzi 4,501 wa chuo tangu wakiwa wazima. Kati yao 238 waliugua ile homa ya Epstein-Barr, na miezi sita baadaye 55 kati ya hao walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na uchovu sugu. Huku kwetu kirusi hicho huwapata wengi wakiwa watoto wadogo, hupita kama mafua tu, na kwa hiyo hatuwaoni sana wanafunzi wa chuo wakiugua kwa namna ile. Lakini ujana si kinga.

Sasa nije kwenye vipimo, na hapa nitakuwa mkali kidogo, si kwako. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu kwenye kidole, hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinaona protini anayoiacha katika damu, na protini hiyo inaweza kubaki wiki kadhaa baada ya wadudu wote kufa. Ukimeza dawa leo na kupimwa tena baada ya wiki mbili, mistari miwili inaweza kutokea ingawa umepona kabisa. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo siwalaumu waliokupima mara ya kwanza. Mara ya pili na ya tatu, damu yako ilipaswa kusomwa kwa hadubini. Kuhusu taifodi, kile kipimo cha kutafuta kingamwili kwa tone la damu huweza kuonyesha ndiyo kwa mtu aliyeugua zamani au aliyeugua kitu kingine kabisa. Mtu asiye na homa, ambaye analalamikia uchovu wa miezi minne, hapaswi kuchomwa sindano za taifodi kwa ushahidi huo.

Lakini usiikimbilie nayo kauli ya "ni mabaki ya virusi" kabla magonjwa yenye tiba hayajaondolewa. Nenda hospitali ya mkoa, Kitete, ukiwa na maelezo yako umeyaandika kwenye karatasi kwa tarehe, uombe wingi wa damu, sukari, VVU, figo, ini, tezi ya thairoidi ikiwezekana, na makohozi kama kikohozi kimerudi. Wakikuuliza kuhusu ujauzito usichukie, ni swali la kila mwanamke wa umri wako. Upungufu wa damu peke yake, chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke, unatosha kuleta nusu ya dalili zako, na dawa yake ni nafuu. Majibu ya VVU ukiwa nayo mkononi, wale wanaonong'ona wanabaki na minong'ono yao.

Moyo unaweza kuupima mwenyewe kabla ya kwenda. Asubuhi, kabla ya chai, lala chali dakika 10. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uyahesabu dakika nzima ukitazama saa ya simu, uandike. Kisha simama, egemeza mabega ukutani na visigino viwe mbele kidogo ya ukuta, usitembee wala kuongea, na uhesabu tena kila baada ya dakika mbili mpaka zitimie 10. Awepo mwenzako wa kukushika, na ukiona giza ukae chini mara moja, kipimo kimekwisha. Kwa umri wako, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, huku shinikizo la damu likiwa halijashuka, daktari atajua anachokitafuta. Kwa mwanafunzi mwenye miaka 19 au pungufu tunataka yapande kwa 40. Ni hali inayofuata virusi mara nyingi, si ugonjwa wa kuua, na hupungua kwa kunywa maji ya kutosha siku nzima, kuamka kitandani kwa hatua na kuepuka kusimama muda mrefu, hasa katika lile joto la mwezi wa tisa na wa kumi mnalolijua. Wengine huongezewa chumvi, lakini hilo lisubiri daktari apime shinikizo na figo. Kwenye foleni ya chakula nenda na kigoda. Watacheka siku mbili.

Tiba yenyewe ya uchovu huu haiko kwenye kopo. Wanafunzi mnajua kuliko mimi mwendo wa bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu: wiki linapoingia ni chipsi kuku, wiki ya mwisho ni matobolwa na chai ya rangi. Nguvu zako za sasa ni bumu dogo linaloingia kila asubuhi, na ukilitumia lote kabla ya saa sita utakopa kwa kesho. Gawa kazi. Nguo fua tatu leo na tatu keshokutwa, umekaa, si kwa kuinama, na usifue kabisa siku inayotangulia jaribio. Ndoo ya lita 20 iache, beba dumu la lita tano mara chache. Soma dakika 20, kisha ulale chali dakika 10 bila simu, kwa maana simu nayo ni kazi ya ubongo. Vimbweta vya chuo vina kelele na mazungumzo yasiyokwisha. Kwa muhula huu kaa maktaba au chumbani. Andika kila jioni ulichofanya na ulivyoamka kesho yake, na baada ya wiki mbili utaanza kuuona mpaka wako ulipo. Na ukiamka siku moja unajisikia mzima, hiyo ndiyo siku ya kujichunga. Wagonjwa wangu wengi huanguka baada ya siku nzuri, kwa sababu ndiyo siku waliyotaka kulipia viporo vyote.

Kuhusu mitihani, nakusihi ufanye haraka. Vyuo vingi vinamruhusu mgonjwa kufanya mtihani maalumu au kuahirisha muhula, lakini kibali huombwa kabla ya mtihani, kwa maandishi, pamoja na taarifa ya daktari. Aliyeingia chumba cha mtihani akiwa mgonjwa akafeli, huandikiwa sapu, yaani mtihani wa kurudia, au huondolewa kama mwingine yeyote, na cheti cha daktari kinacholetwa baadaye hukuta mlango umefungwa. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi wiki hii. Ukiamua kuahirisha, zungumza na afisa wa mikopo kabla hujaondoka, kwa kuwa fedha ya kujikimu hufuata usajili.

Wengi wenye hali kama yako hupata nafuu kidogo kidogo ndani ya mwaka, kwa mwendo wa kupanda na kushuka. Ila ukipata maumivu ya kifua, ukakosa pumzi hata umelala, miguu ikavimba, ukazimia au ukaanza kukohoa damu, usisubiri jibu langu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekuambia umerogwa mwambie kwamba hata mimi nimemsikia, na kwamba kwanza tunapima damu.

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama, naishi Urambo. Kijana wangu wa miaka 20 yuko mwaka wa kwanza wa stashahada huko Tabora. Mwezi wa tano alirudi nyumbani akiwa na mafua, yakaisha, lakini nguvu hazikurudi. Amekonda, shati la chuo linampwaya. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linaloa. Kikohozi kipo kidogo tu. Amesoma kwenye simu kwamba korona huacha uchovu, basi ametulia anasema utaisha wenyewe. Mjomba wake anasema ni deko la chuo, ampe shoka akapasue kuni za mabani ya tumbaku, mwili utachangamka. Nimfuate nani?

Mama yangu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Mlete kijana hospitali kesho, na ikishindikana kesho, keshokutwa.

Kukonda, jasho la usiku linaloloanisha shuka, na kikohozi kilichozidi wiki mbili hata kikiwa kidogo, ni dalili za kifua kikuu mpaka vipimo viseme vingine. Virusi vinaweza kuacha uchovu, ni kweli, lakini havina kawaida ya kumkondesha mtu mpaka shati likampwaya. Atatoa makohozi, ikiwezekana ya asubuhi, na kipimo cha kisasa cha vinasaba hutoa jibu ndani ya saa chache kikifika kwenye mashine. Matibabu ni bure nchini mwetu, na kwa kifua kikuu cha kawaida dozi ni ya miezi sita bila kuruka hata siku moja. Mpimeni pia VVU na sukari. Wakati mkisubiri jibu, alale kwenye chumba chenye dirisha wazi, afunike mdomo akikohoa, na wadogo zake wasilale naye.

Hii ndiyo hatari ya watu kusoma habari za mabaki ya virusi kwenye simu, na mimi mwenyewe ninayeziandika naijua: mtu hupata jina la kumpendeza akaacha kupima.

Kuhusu shoka, mwambie mjomba kwa heshima kwamba hata kama kijana angekuwa na uchovu wa virusi tu, kuni zisingemsaidia. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya walikuwa wakiwapa wagonjwa wa uchovu sugu mazoezi ya kuongezwa kila wiki, kwa fikra ileile ya mjomba. Wagonjwa wengi walilalamika kwamba yanawadhuru, na Oktoba 2021 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza iliufuta ushauri huo. Kwa hiyo mjomba hakuwa na wazo la ajabu; amechelewa tu kidogo. Mpe kijana chakula cha kutosha, maharage, dagaa, karanga, mboga za majani. Asali ya huko kwenu ni nzuri mno, nami huagiza kila msimu, lakini haitibu kifua.

Daktari, nasoma chuo hapa Kigoma na ninaishi Mwanga. Miezi mitatu iliyopita nilipata homa kali ya ghafla, vipele, na viungo vikauma hata nikawa natembea nimejikunja. Homa iliisha siku ya tano. Viungo mpaka leo vinauma: vidole, vifundo vya mikono na vya miguu. Asubuhi siwezi kushika kalamu mpaka saa nzima ipite. Malaria haikuonekana. Nanunua diklofenaki duka la dawa, ni mwezi wa pili sasa, kila siku vidonge viwili, na tumbo limeanza kuwaka moto. Je, nimepata baridi yabisi katika umri wa miaka 23? Na je, ninaweza kumwambukiza ninayelala naye chumba kimoja?

Ndugu yangu, jinsi ulivyoeleza mwendo wako, "nimejikunja", umelitaja jina la ugonjwa ninaoushuku bila kujua. Chikungunya ni neno la Kimakonde, na maana yake inahusu huko kujikunja kwa maumivu. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa wataalamu katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Wamakonde kusini mwa nchi yetu, na kutoka hapo jina likazunguka dunia nzima. Huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, yule yule anayeeneza dengue, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika matairi, makopo na ndoo zisizofunikwa.

Homa yake huisha ndani ya wiki, lakini viungo huweza kuuma wiki, miezi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Hivyo miezi mitatu si ajabu. Hata hivyo ugumu wa viungo wa saa nzima kila asubuhi unafanana pia na baridi yabisi, na wakati mwingine virusi ndivyo vinavyoiamsha, kwa hiyo nenda Hospitali ya Maweni upimwe damu na viungo vyako vishikwe na daktari.

Diklofenaki iache leo. Miezi miwili mfululizo bila daktari ni njia ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo, na huo moto tumboni ni onyo la kwanza. Ukiona choo cheusi kama lami, kimbia hospitali. Tumia parasetamo kwa sasa, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, na visizidi vinane kwa saa 24. Na kwa msomaji mwingine aliye katika homa ya namna hii sasa hivi: usiguse diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini mpaka dengue iondolewe, kwa kuwa dengue huweza kuleta kutokwa damu na dawa hizo huiongezea.

Vidole vifanyie mazoezi mepesi katika maji ya uvuguvugu asubuhi, kuvikunja na kuvinyoosha bila kulazimisha. Kwenye mtihani omba muda wa ziada wa kuandika, ukiwa na barua ya daktari. Mwenzako wa chumbani hana hofu; kirusi hiki hupitia kwa mbu, tena katika siku za mwanzo za homa mtu akiwa nacho kwenye damu. Fungeni tu ndoo zenu.

Shikamoo, daktari. Mimi nasomea mapishi na hoteli hapa Kigoma. Tangu mafua ya mwezi wa pili sinusi. Nikikaanga kitu kwa mawese sisikii harufu yoyote, juzi nimeunguza dagaa nikiwa nimesimama hapo hapo. Ladha najua chumvi na sukari tu. Nitafeli mafunzo kwa vitendo.

Marahaba. Ulimi wako ni mzima. Unachokosa ni pua, maana ladha nyingi tunazodhani ni za mdomoni kumbe ni harufu. Virusi huumiza seli zilizo juu kabisa ndani ya pua, na bahati nzuri eneo hilo linaweza kujijenga upya, ila polepole.

Lipo zoezi lililobuniwa Ujerumani, linalotumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Tatu kati ya hizo zipo sokoni kwako, na waridi waweza kutafuta marashi yake. Tia kila kimoja kwenye kikopo chake chenye mfuniko. Asubuhi na jioni, nusa kila kimoja kwa sekunde 20 hivi, taratibu, huku ukijaribu kuikumbuka harufu yake hata kama huisikii, na usiache kabla ya wiki 12. Siku za katikati harufu zinaweza kurudi zimepotoka, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua. Inaudhi, lakini mara nyingi ni dalili ya kurejea. Kwa sasa pika kwa saa, si kwa pua, weka mwenzako aonje, na usilale kwenye chumba chenye jiko la gesi au la mkaa, kwa sababu moshi na gesi hutavisikia.

Daktari, kuna mtu hapa mtaani Isevya anatundikia wanafunzi dripu za "kurudisha nguvu" zenye vitamini, rangi ya njano. Zinafaa? Na hivi vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo?

Dripu ile ni maji, chumvi au sukari na vitamini B, ambavyo vyote unavipata kwenye chupa ya maji na sahani ya maharage. Kama hukuwa umeishiwa maji wala vitamini, utaikojoa jioni hiyo hiyo, tena mkojo utakuwa wa njano kweli kweli. Hasara ni fedha, na sindano ya mtaani usiyoijua ilikotoka. Vinywaji vya kopo vina kafeini na sukari: vinakukopesha saa tatu za usiku na kukunyima usingizi, na mwenye moyo unaokwenda mbio asiviguse.

Daktari, mimi ni mhadhiri hapa Tabora. Kila muhula napokea wanafunzi wanaodai kwamba hawajapona. Wapo wagonjwa kweli, na wapo waliokesha kwenye mpira. Nitawatofautishaje bila kuwa mkatili na bila kuwa mjinga?

Mhadhiri, swali lako ni la haki, na naliheshimu kwa sababu umeliuliza kwa uwazi. Nikiwa mwaka wa tatu niliugua homa ya ini, ile ya chakula na maji machafu. Macho yalirudi meupe baada ya wiki tatu, lakini kwa miezi miwili zaidi nilikuwa nikisoma aya moja mara tano. Mwalimu wangu mmoja alisema mbele ya darasa kwamba ugonjwa wa ini umehamia kwenye uvivu. Darasa lilicheka, nami nilicheka nao, kisha nikaacha kuhudhuria kipindi chake. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba nakujibu bila upande.

Upo utafiti uliofanyika Dubbo, mji mdogo wa Australia, ukachapishwa mwaka 2006. Watu 253 walifuatiliwa tangu siku walipougua maambukizi matatu tofauti: Epstein-Barr, homa ya Q ambayo ni ya bakteria, na kirusi cha Mto Ross ambacho ni ndugu wa chikungunya. Miezi sita baadaye takriban asilimia 12 walikuwa bado na uchovu wa kuwazuia shughuli zao, na kiwango hakikutofautiana sana kwa maambukizi yote matatu. Watafiti walipotafuta ni nani atakayebaki mgonjwa, hawakumpata kwa tabia yake wala kwa historia ya msongo wa mawazo. Kilichotabiri zaidi ni ukali wa ugonjwa katika siku za mwanzo. Huo ndio ushahidi ninaoutegemea ninaposema kwamba huwezi kumtambua mgonjwa kwa kumtazama kama ni mtu wa bidii au la.

Ila yapo ya kuuliza. Mwulize ilianza lini, alikuwaje kabla ya hapo, na nini hutokea siku inayofuata baada ya kazi nzito. Aliyekesha kwenye mpira hujibu kwa jumla jumla, tena leo anatofautiana na jana. Mgonjwa hukueleza ndoo, ngazi, foleni na siku aliyoanguka. Tazama matokeo yake ya muhula uliopita. Na mtu ambaye zamani alipenda kitu fulani, mpira au kwaya, halafu ameacha hata hicho, mara chache huwa anadanganya kuhusu darasa. Kama amepoteza hamu ya kila kitu na anazungumza habari ya kutotaka kuishi, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, na umsindikize mwenyewe.

Baada ya hapo si kazi yako kupima. Mtake alete taarifa ya daktari ndani ya wiki mbili, kwa kuwa foleni za hospitali unazijua, na katika wiki hizo mbili usimkate alama. Mpe maelezo ya somo siku moja kabla ya kipindi, mruhusu arekodi kwa simu, na zamu yake ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa ikifika, mwache aiwasilishe akiwa amekaa kwenye kiti.